Sitaki Kisiwa Kisicho na Watu

Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu, na kwa wiki tatu sasa nimekataa kutoa pesa.

Tuko saba, wote wazaliwa wa Ikonge, Nyamira, ingawa wengi wetu sasa tunapanga vyumba Nairobi. Kila mmoja ameweka 1,500 kwa mwezi kwa miezi 20. Hiyo ni 210,000. Lengo ni safari moja tu ya Desemba, na wenzangu walishaamua: tunaenda kwenye atoli. Ile pete ya matumbawe inayozunguka maji ya buluu, mchanga mweupe, minazi, na kwenye picha hakuna mtu hata mmoja. "Mahali patulivu," binamu yangu aliandika kwenye kundi, akaweka vikopa vitatu.

Hapo kwa "hakuna mtu" ndipo naanza ugomvi.

Fom yenyewe ilikuwa Mnemba, kisiwa kidogo kilicho mbele ya kijiji cha Matemwe, kaskazini mashariki mwa Unguja. Mtaalamu wa miamba atakwambia Mnemba si atoli kamili, lakini matangazo yote yanaiita hivyo, na miamba yake kweli ni mizuri ajabu. Shida ni kwamba kisiwa kimekodishwa. Kulala huko ni zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Kwa hiyo akiba yetu yote ya miezi 20, ya watu saba, haiwezi kulaza wawili wetu hadi asubuhi. Tungelala Matemwe, tukodi boti, tuogelee juu ya samaki, tukipige picha kisiwa kwa mbali, basi. Kukanyaga ule mchanga ni kwa wageni waliolipa.

Na kabla ya hoteli? Wavuvi wa huko walikuwa wakipiga dago Mnemba: wanalala, wanakausha samaki, wanangoja maji na upepo. Leo mjukuu wa mvuvi huyo anaweza kukufikisha hadi pale maji ya kina kifupi yanapoanza, halafu ageuze boti. Sasa niambie, huo utulivu umetoka wapi? Haukuletwa na mawimbi. Umetengenezwa kwa mkataba.

Najua jibu lenu, kwa sababu nimeshalisoma mara kumi kwenye simu: matumbawe lazima yalindwe, watu wakijaa wataharibu. Kweli wataharibu, sibishi. Lakini hebu tuangalie visiwa viwili vya bahari hii yetu ya Hindi, atoli halisi, tuone nani hulindwa dhidi ya nani.

Cha kwanza ni Aldabra, huko Ushelisheli, kwenye makazi ya kobe wakubwa wapatao 100,000. Miaka ya 1960 Waingereza walitaka kujenga huko kituo cha ndege za kijeshi. Wanasayansi wakapiga kelele kwa ajili ya kobe na ndege wa pale, magazeti yakaandika, na mwaka 1967 mpango ukatupwa. Pauni nayo ilikuwa imeporomoka, tusiwape sifa zote wanasayansi, lakini walisikika. Mwaka 1982 UNESCO ikaitia Aldabra kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Cha pili ni Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, zaidi ya kilomita 3,000 mashariki mwa Mombasa. Huko kulikuwa na watu, wazao wa watumwa walioletwa kutoka Afrika na Madagaska kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi. Mwaka 1965 Uingereza iliimega Chagos kutoka Mauritius, ili Marekani ipate kituo cha kijeshi. Kuanzia 1968, Wachagos waliokwenda Mauritius kutibiwa au kutembelea jamaa wakaambiwa hakuna meli ya kurudi nyumbani. Mbwa wao walikusanywa wakauawa kwa moshi wa magari. Kufikia 1973 wenyeji wote walikuwa wameondolewa. Baadaye wenye mashua zao za starehe walipewa vibali vya kutia nanga kwenye visiwa vya nje vya Chagos, wakafurahia upweke, huku waliozaliwa pale wakizeeka kwenye vitongoji duni vya Port Louis wakidai kurudi.

Kobe walipata watetezi. Watu wakapata meli ya kuondoka.

Eti mimi mtu wa Ikonge hayo yananihusu nini? Sisi tumekulia jirani na Kericho. Mashamba makubwa ya chai ya huko nayo yametulia sana, kijani hadi upeo wa macho, watu husimamisha gari kupiga picha. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilinyang'anywa Wakipsigis. Mwaka 1934 wakoloni walitunga hata sheria ya kuwahamishia Watalai hadi Gwassi, kule kando ya ziwa. Wanaopiga picha hawaulizi, na mimi nimepiga pia.

Sisemi utulivu ni mbaya. Nimechoka kama nyinyi. Ninaishi juu ya gereji. Lakini nyote mnaijua Jumamosi ya kwetu. Wasabato wako kanisani, maduka mengi yamefungwa, boda boda ni za kuhesabu, unasikia ng'ombe wa jirani akicheua. Ni utulivu wa watu walioamua wenyewe kunyamaza, na saa kumi na mbili jioni wanaamua kupiga kelele tena. Hakuna aliyefukuzwa ili nipumzike.

Pendekezo langu mnalo. Basi la usiku hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, feri ya Likoni, matatu hadi Shimoni, boti hadi Wasini. Ndiyo, Wasini si atoli. Hakuna gari hata moja kisiwani, na kwa miaka mingi maji matamu yalikuwa ya mvua iliyokingwa, kwa hiyo anayeoga dakika ishirini ajipange. Kuna watoto, adhana, mbuzi, na njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe inayoendeshwa na kina mama wa kijijini. Kwa kichwa cha mtu mmoja haifiki hata robo ya usiku mmoja wa Mnemba. Na mkitaka kushuka kwenye boti, mnashuka.

Binamu amejibu kwamba huko picha zitakuwa na watu nyuma.

Kura ni Jumapili, kwa mama, baada ya chai. Hadi sasa tuko wawili dhidi ya watano, na kitabu cha benki bado kiko kwangu.