Waandishi, Tumwombe Radhi Sista

Waandishi wenzangu, naandika makala haya nikiwa na karatasi kumi na mbili zilizochanwa mezani. Ni Sura ya Nne ya riwaya yangu, ile ambayo baadhi yenu mliisikia nilipoisoma kijiweni mkaipigia makofi. Humo mna sista mnene, mwenye ulimi wa pilipili, anayemfokea mama mjamzito mpaka mama wa watu anajifungulia kwenye benchi. Mlicheka, mkasema, "Hao ndio zao!" Nami nikavimba kichwa. Leo nasema sura ile ilikuwa ya uongo, na kwamba masista wengi mnaowaandika ninyi nao ni wa uongo. Atakayenuna na anune.

Kwanza mnijue. Nimemaliza kidato cha nne, sikuendelea. Mchana nauza makava ya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye meza ya mtu. Usiku naandika, kwenye chumba cha uani Ilala, kwa mama mdogo aliyenilea. Mama mdogo ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya hapa jijini, ambayo sitaitaja. Siku moja alitoka zamu ya usiku akalikuta daftari langu mezani. Nilipoamka nilimkuta ameketi bado na sare yake, daftari mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie, baba, huyu sista wako usiku huo alikuwa na wenzake wangapi?"

Sikuwa na jibu. Akauliza tena, "Alikula saa ngapi? Inchaji wake alimwambia nini asubuhi ile mbele ya wagonjwa?"

Nikasema hayo hayamo kwenye hadithi.

Akalifunga daftari. "Basi hujaandika mtu, mwanangu. Umeandika mdomo."

Halafu akanisimulia usiku wake. Walikuwa wawili, na leba imejaa. Kichanga kimoja kilifariki alfajiri. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, inchaji alimshukia mama mdogo mbele ya wenzake na mbele ya wazazi waliolala, kwa sababu fomu mbili hazikujazwa. Hakuuliza habari za kichanga, wala za mama yake, wala za mikono iliyompokea. Nusu saa baadaye, mama mdogo akiwa anatafuta mkoba wake aondoke, binti mmoja aliyejifungua usiku alimwomba maji ya kunywa. Akamfokea.

"Nilijisikia kabisa ninavyofoka," akasema, "na nikaendelea."

Sijawahi kumwona mama mdogo akilia. Siku ile nilimwona. Ndipo nilipoichana Sura ya Nne.

Sasa twende kwenye hoja. Watu wa mjini tuna msemo mmoja kila tukitoka hospitali, kwamba masista wana roho mbaya. Huo ndio uchunguzi wetu wote, mwanzo na mwisho. Lakini sisi wa Kariakoo ndio tungepaswa kulijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Tajiri akikutukana saa mbili asubuhi mbele ya wateja, saa nne wewe unamjibu ovyo mteja wa kwanza anayepunguza bei. Mteja ananuna, anavuka barabara, ananunua meza ya pili. Hasara ni ya tajiri. Je, mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane za usiku atavuka barabara aende meza ipi? Hasira ile ile iliyoanzia juu inamwangukia yeye, naye hana pa kuipeleka.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza zamani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, pamoja na mwenzake, walitoa mwaka 1981 kipimo cha uchovu wa kazi kwa watu wanaohudumia watu. Walitaja dalili tatu. Ya kwanza, mtu anaishiwa nguvu za moyo. Ya pili, anaanza kuwaona anaowahudumia kama vitu. Ya tatu, anaona hafanikishi lolote katika kazi yake. Haya, ingia wodini usikie: "Kitanda namba tisa anataka dripu." Mtu amekuwa kitanda. Sisi tukalisikia neno hilo tukaandika kwamba sista ni katili, kumbe hiyo ni dalili, kama joto kwa mwenye malaria. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka uchovu huo katika orodha yake ya kimataifa, likaueleza kuwa unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Angalieni neno "kazini". Halikusema unatokana na roho ya mtu.

Nani basi anayeidhibiti kazi? Hapo ndipo penye kidonda. Inchaji wa wodi anapatikanaje? Mara nyingi ni muuguzi hodari wa kuutafuta mshipa, aliyekaa miaka mingi, basi anakabidhiwa funguo na kitabu cha zamu. Hakuna aliyemkalisha akamfundisha namna ya kupanga zamu kwa haki, namna ya kumkosoa mtu faraghani, au la kusema na muuguzi ambaye amepoteza mgonjwa usiku. Dereva wa daladala anatakiwa leseni. Anayeongoza watu waliobeba uhai wa watu anapewa funguo tu. Naye huyo inchaji msimtukane, maana amebanwa katikati: juu kuna mganga mfawidhi anataka takwimu, chini kuna wauguzi wanataka kupumua. Aliongozwa kwa kufokewa, naye anaongoza hivyo hivyo.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Nawauliza, mmesahau historia yenu? Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwadharau na kuwaonea walio chini yao. Wafanyakazi wa mji huu huu walikishika kifungu kile kama ngao. Yakafuata migomo dhidi ya mameneja wenye dharau, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa Dar es Salaam, wakamtoa mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe. Wazee wetu walijua kwamba namna unavyoongozwa ni sehemu ya mazingira ya kazi, sawa na mashine na mshahara.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2012 madaktari waligoma. Wengi tunakumbuka habari ya mishahara tu. Lakini madai yalihusu pia vifaa na mazingira ya kazi, na yalihusu viongozi: madaktari walitaka wakubwa wa wizara waondoke. Februari mwaka ule Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alikwenda Muhimbili kuzungumza nao, na Katibu Mkuu wa wizara pamoja na Mganga Mkuu wa Serikali wakasimamishwa. Baraza lilipopangwa upya mwezi Mei, waziri na naibu wake hawakuwamo. Na bado Juni mgomo ukarudi. Mimi najifunza mambo mawili hapo. Moja, uongozi ukioza, mgonjwa ndiye anayelipa. Pili, kubadilisha watu kwenye viti hakutoshi.

Mafunzo basi? Yapo, na yamekuwapo. Tangu mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani, hospitali zetu zilianza kufundishwa utaratibu wa S tano, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mfano. Kwa Kiswahili wakaziita Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mimi kama mtu wa maneno nayavulia kofia. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu muuguzi anayezunguka kutafuta mkasi huku damu inamwagika anachoka mara mbili, na kabati lililopangwa linampunguzia msongo. Lakini kabati ni kabati. Matusi ya asubuhi nani atayasasambua? Dharau nani ataisafisha? S hizo tunazihitaji pia katika midomo ya wakubwa.

Ila sitaki mnielewe vibaya mkadhani naomba semina. Semina tunazijua: hoteli ya pwani, chai ya saa nne, bahasha ya posho, cheti, na Jumatatu inchaji anarudi wodini na sauti ile ile. Uongozi haufundishwi kwenye kiyoyozi. Unafundishwa wodini, saa moja na nusu asubuhi, zamu zinapokabidhiana, mkufunzi akiwa amesimama pembeni anasikiliza, halafu anamwita inchaji kando: "Mama, umeona ulivyosema na yule binti? Kesho tujaribu hivi." Wiki hii, wiki ijayo, miezi. Apimwe kwa wauguzi wake: wanakula? Wanauliza wasipojua, au wanaficha makosa kwa hofu? Maana muuguzi anayeogopa kufokewa ataficha kosa, na kosa lililofichwa linaua.

Kuna wenye hoja nyingine, na hii ina uzito. Wanasema, "Wauguzi ni wachache, acha habari za uongozi, ongeza watu." Kweli kabisa. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wa afya wakiwamo, na kuwajaza waliotoka si kazi ya siku moja. Wawili hawawezi kuwa wanne kwa sababu inchaji amejifunza kutabasamu. WHO lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini, lilishauri wasimamizi wafunzwe, na papo hapo likashauri kazi yenyewe ipangwe upya ili mzigo upungue. Anayeleta mafunzo ili asiajiri ni laghai, na tumwambie hivyo. Lakini anayesema tusubiri ajira ndipo tuheshimiane naye nampinga. Kumpa mtu dakika ishirini za kula, kumuuliza "uliamkaje baada ya usiku ule?", kumkosoa mlango ukiwa umefungwa, hayo hayasubiri bajeti.

Wapo na wale wa "uuguzi ni wito". Hao ndio wabaya wangu. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Kiafrika ambao maradhi na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi. Mzigo ulihesabiwa, mbebaji akasahauliwa. Ukimwambia muuguzi kuwa ni wito ili asiombe chakula, unamfanya mbeba mizigo. Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka hapa kwetu Kariakoo, tuliwashangilia waokoaji, na walistahili. Majeruhi wakakimbizwa hospitali za mjini. Nani kati yetu, sisi tunaojiita macho ya jamii, aliuliza waliowapokea waliamkaje?

Hapo narudi kwenu, waandishi wenzangu. Tumezoea kuwaonea walio karibu. Tunamwandika sista kwa sababu ndiye tunayemwona dirishani, na yule aliyepanga zamu ya watu wawili hatumwandiki, kwa sababu yuko ofisini na hatujui hata kiti chake kikoje. Sisemi tufiche ukatili. Yule binti aliomba maji akafokewa, na maumivu yake ni ya kweli. Mama mdogo mwenyewe hajajisamehe. Mwandikeni. Lakini mkimwandika sista anayefoka, pandeni ngazi mmfuate aliyemfokea, na aliyemfokea huyo, mpaka juu kabisa.

Sura ya Nne naiandika upya. Inaanza saa moja na nusu asubuhi, zamu zinakabidhiana, na kuna kichanga ambacho hakuna aliyekiulizia. Juzi nilimsomea mama mdogo ukurasa wa kwanza. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama yule binti mwishowe alipewa maji.

Nikamwambia bado naandika.