Mama Asilaumiwe kwa Macho ya Mtoto

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo katika familia zetu husemwa kwa kunong'ona: mtoto anayezaliwa na kasoro ya macho. Kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River na vijiji vya juu mlimani Meru, lawama humwendea mama kwanza. Huambiwa alikula mwiko, alimcheka kipofu, au kwao kuna laana. Sisi wauguzi tungependa mjue jinsi jicho linavyoumbwa.

Jicho huanza kuumbwa katika wiki ya nne tangu mimba itungwe, wakati akina mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kila seli ya mtoto ina maagizo ya urithi yaitwayo jeni, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Jeni hizo hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja. Zipo protini maalumu zinazoamsha au kunyamazisha jeni nyingine. Kwa upande wa macho, mbili kati ya zilizo muhimu sana ni PAX6 na SOX2.

Protini hizi hushirikiana. Fikiria sanduku la sadaka lenye makufuli mawili: ufunguo mmoja anao mhazini, mwingine anao mzee wa kanisa, na hakuna awezaye kulifungua peke yake. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha, kwa kutumia viinitete vya kuku, kwamba PAX6 na SOX2 hushika kwa pamoja sehemu moja ya jeni ya lenzi, ndipo jeni hiyo huamka. Mwaka 1995, Walter Gehring na wenzake huko Basel, Uswisi, waliamsha jeni ya nzi inayolingana na PAX6 mahali pasipo pake, na nzi wakaota macho kwenye mabawa na miguu!

Kwa binadamu, nakala moja ya PAX6 ikiharibika, mtoto huweza kuzaliwa bila lile duara lenye rangi linalozunguka mboni. Huumizwa na mwanga na macho yake huchezacheza. Nakala moja ya SOX2 ikiharibika, jicho huweza kuwa dogo mno au lisiwepo kabisa. Mara nyingi hitilafu ya SOX2 hutokea upya, wazazi wote wawili wakiwa wazima. Ile ya PAX6 huweza kutokea upya, au kurithiwa kwa baba vilevile kama kwa mama. Hakuna chakula wala kicheko kilichoisababisha.

Basi tufanye nini? Kwanza, mchunguzeni mtoto macho angali mchanga. Mkiona mboni nyeupe, jicho dogo kuliko lingine, macho yanayochezacheza, au mtoto anayekwepa mwanga, msimtie maziwa wala dawa ya majani machoni. Nendeni kituo cha afya mwelekezwe kwa daktari wa macho. Jirani zetu KCMC, Moshi, wana idara ya macho. Mboni nyeupe isisubiri: huweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayoua.

Pili, mtoto asiye na lile duara, na ambaye katika ukoo hakuna mwingine wa namna hiyo, apimwe pia figo kwa ultrasaundi. Jirani na PAX6 ipo jeni nyingine. Zikipotea zote mbili, saratani ya figo huweza kumpata angali mdogo. Ikigunduliwa mapema, watoto wengi hupona.

Tatu, baba aende hospitali pamoja na mama, asikie maelezo kwa masikio yake.

Mtoto anayeumizwa na mwanga anahitaji kofia pana, miwani ya kukinga jua na kiti cha mbele darasani. Akina mama wa jumuiya, mkimjua mwenzenu anayemficha mtoto wa namna hii, mtembeleeni wiki hii, na mmoja wenu amsindikize hospitali.