Boksi la pikipiki lililoachiwa matundu, na dawa ya mtoto

Pakiti tatu za ORS, vidonge vya zinki ndani ya kibahasha cha karatasi, na mkate. Hivyo ndivyo baba mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, alivyovitia kwenye boksi la pikipiki yake jioni moja ya masika akitoka duka la dawa. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Mvua ilimkuta njiani, lakini hakuwa na wasiwasi na mzigo. Boksi lina kifuniko kinachobana vizuri, tena lina kufuli.

Alipolifungua nyumbani, kibahasha kilikuwa kimelowa chapachapa na maandishi ya mfamasia yamefutika. Kidonge kimoja au nusu? Mara ngapi kwa siku? Hakuna aliyekumbuka. Vidonge vyenyewe vilipona kwa kuwa vilikuwa bado kwenye karatasi yake ya kiwandani. Mkate ulikuwa na madoa ya tope, na ni hilo tope lililomshtua mkewe.

"Baba watoto, haya si maji ya mvua. Mvua haina tope. Haya ni maji ya barabarani."

Alikuwa sahihi. Boksi lile lilinunuliwa likiwa limetumika, na awali lilifungwa kwenye pikipiki nyingine yenye keria tofauti. Fundi aliyelihamisha alitoboa matundu manne mapya kwenye sakafu yake, akakaza bolti, na yale manne ya zamani akayaacha wazi. Nyuma ya kifuniko kulikuwa na mengine mawili, yaliyobaki baada ya mto wa kuegemea kung'olewa. Jumla matundu sita, kila moja likiwa na upana wa kuingia bolti ya spana namba 10. Kwa macho ni vitu vidogo.

Ya juu huingiza mvua, na hilo kila mtu analiona. Ya sakafuni ndiyo mabaya zaidi. Yako juu ya tairi la nyuma, na tairi likikanyaga dimbwi hurusha maji kwenda juu. Katika mitaa mingi ya jiji, maji ya dimbwi wakati wa masika yamechanganyika na ya mitaro, na mahali pengine na ya vyoo vilivyofurika. Wakati wa kiangazi njia hiyohiyo hupitisha vumbi.

Ndiyo maana hata ORS iliyofungwa vizuri kiwandani haikuwa salama moja kwa moja. Unga wa ndani ulikuwa mkavu, lakini pakiti imepakwa tope kwa nje. Mzazi akiichana hivyohivyo, unga unapita kwenye ukingo mchafu na kuingia kwenye maji atakayokunywa mtoto ambaye tayari tumbo lake linamsumbua. Mama yule alinawa mikono kwa sabuni, akaziosha pakiti kwa nje na kuzifuta kwa kitambaa safi, ndipo akakata moja kwa mkasi uliooshwa. Baba alipiga simu duka la dawa kuuliza upya kipimo cha zinki, badala ya kukisia. Mkate ulitupwa. Kwa familia inayohesabu kila shilingi hilo linauma, ila kuukata sehemu yenye madoa na kuwapa watoto iliyobaki kusingesaidia, kwani maji hupenya ndani ya mkate kuliko jicho linavyoona.

Usiku ule walitafuta matundu yote kwa njia rahisi sana. Waliwasha tochi ya simu, wakaiweka ndani ya boksi, wakafunga kifuniko na kuzima taa ya sebuleni. Binti yao mkubwa alizunguka akionyesha kwa kidole. "Baba, na hapa mwanga unatoka." Waliyokuwa wakiyajua yalikuwa manne, yale mawili ya nyuma aliyaona yeye.

Kuziba kwenyewe si kazi kubwa, ila watu wengi huikosea. Wapo wanaobandika bazoka, wapo wanaotumia supa glu, ambayo hukauka ikawa ngumu kama kioo na kupasuka kwa mtikisiko wa barabara. Wengine huyeyusha kipande cha dumu kwa moto na kukidondoshea kwenye tundu. Moshi wa plastiki inayoungua una sumu, na kazi hiyo mara nyingi hufanyika uani, watoto wakiwa wamezunguka kutazama. Hiyo iachwe kabisa.

Kwa boksi la plastiki, hata silikoni peke yake haiaminiki, maana aina nyingi za plastiki hazishiki gundi na baada ya wiki chache inabanduka kama ngozi. Kinachodumu ni bolti fupi. Baba yule alikata viduara vya mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaweka kimoja ndani na kimoja nje ya kila tundu, juu ya kila mpira akaweka washa pana, kisha akakaza kwa nati yenye plastiki ndani ili isilegee. Kichwa cha bolti, kile cha mviringo, kilikaa ndani ya boksi na nati ikakaa nje, kusudi mifuko ya unga isichanike. Maduka ya vipuri huuza pia vizibo vya mpira kama vile vya sakafu ya gari, na kwa tundu lisilo na mikwaruzo vinatosha.

Boksi la bati lina tabia yake. Pembeni mwa tundu huwa kumeshaanza kutu, hivyo lazima kupigwe msasa na rangi kwanza, ndipo kizibwe. Silikoni inayonukia kama siki ikigusa bati tupu huongeza kutu badala ya kuizuia. Na silikoni yoyote ipewe muda wa kukauka, siku nzima au zaidi, hadi harufu iishe, kabla chakula hakijawekwa.

Kuna tundu moja lisilozibwa: lile lililotoka kiwandani kwa ajili ya kutoa maji, kama lipo. Tena boksi likishazibwa lisibebe petroli wala mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi hiyo na mvuke wa petroli ni vizito kuliko hewa, hutuama chini, na ndani ya boksi lisilo na pa kutokea vinasubiri cheche tu.

Joto nalo halizuiwi na vizibo. Dawa nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30, na boksi jeusi lililoegeshwa juani hupita hapo upesi. Insulini, inayotunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuanza kutumika, isafirishwe kwenye chombo chake cha ubaridi.

Siku mbili baadaye, mtoto akiwa ameanza kucheza tena, baba alitandika gazeti kavu ndani ya boksi, akalifunga, akamwaga ndoo nzima ya maji juu yake, na nyingine akairusha kutokea chini. Alipofungua, gazeti lilikuwa kavu isipokuwa kona moja, chini ya kitundu cha ufunguo. Alikata kipande kingine cha tyubu akakining'iniza hapo kama pazia. Mkewe yeye alileta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, akaliweka ndani ya boksi na kuandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: DAWA.