"Rudia Tu, Utapita" Ni Ushauri Mbaya

Kuna ushauri ambao nesi aliyefeli mtihani wa leseni ya Marekani hawezi kuukwepa. Ataupata kwa mchungaji, kwa shangazi, kwa ajenti aliyemwandikia makaratasi, na kwa watu asiowajua kwenye kundi la WhatsApp saa sita za usiku. Usikate tamaa. Rudia tu. Mungu si Athumani, na mvumilivu hula mbivu. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, ndiyo maana hakuna anayeuhoji. Mimi nauhoji. Nadhani umewala wauguzi wetu pesa, miaka na usingizi kuliko mtihani wenyewe.

Mtihani unaitwa NCLEX-RN. Bila kuupita huwezi kuwa muuguzi kamili katika jimbo lolote la Marekani, hata kama umesimamia wodi Kakamega kwa miaka kumi na mitano. Tangu Aprili 2023 una maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, ndani ya saa tano. Ada ni dola 200, na anayeufanyia nje ya Marekani huongeza dola 150. Ukifeli, huna ruhusa ya kurudia kabla ya siku 45 kupita. Ni katika siku hizo 45 ambapo "rudia tu" hufanya madhara yake. Mtu ameshaambiwa kwamba kilichompungukia ni uvumilivu, basi anakifungua kitabu kilekile kwenye ukurasa wa kwanza, anakesha nacho baada ya zamu, anafunga na kuomba, kisha anarudi kwenye kiti na namna ileile ya kufikiri iliyomwangusha.

Takwimu za NCSBN, chombo chenye makao Chicago kinachoutunga mtihani huo, hazimfariji mtu wa namna hiyo. Miaka ya karibuni, waliosomea uuguzi Marekani wakifanya kwa mara ya kwanza wamekuwa wakipita takriban tisa kati ya kumi. Waliosomea hukohuko wakirudia, wanaopita ni karibu nusu. Waliosoma nje ya Marekani wakirudia, hata nusu hawafiki. Najua kuna atakayesema wanaorudia ndio waliokuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa hiyo tusishangae. Sawa, tusishangae. Lakini mtu huyo ameshakizoea chumba, ameshaijua kompyuta na amepata muda zaidi wa kudurusu. Kama kurudia peke yake kungekuwa dawa, dalili ya kupona ingekuwa imeonekana hapo.

Sehemu ya tatizo ni kwamba wengi hawajui walichoangukia. NCLEX haifanani na KCSE, ambako kila mtahiniwa hupewa karatasi ileile na alama zikajumlishwa. Kompyuta inakupima huku ukijibu. Ukipata, swali linalofuata huwa gumu kidogo. Ukikosa, huwa jepesi kidogo. Ndiyo maana karibu kila mtu, aliyepita na aliyefeli, hukosa takriban nusu ya maswali na kutoka akiwa na hakika kwamba ameanguka. Mashine husimama inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake. Kuzimikiwa kwenye swali la 85 peke yake hakukwambii kitu: wapo waliozimikiwa hapo wakapita, na wapo waliozimikiwa hapohapo wakafeli. Lakini utawasikia watu wazima wenye diploma na digrii wakisimuliana kwamba fulani "ilimzimia mapema, basi amepita", au wakishauriana kujaribu kulipia mtihani upya kwenye tovuti saa chache baada ya kutoka, eti malipo yakikataliwa ujue umefaulu. Muuguzi ambaye hangekubali mgonjwa apimwe malaria kwa kutazamwa kiganja anaipigia leseni yake ramli.

Hata hivyo, ramli ni jambo dogo. Kubwa ni aina ya maswali yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua swali hili, ambalo nimelitunga kwa kufuata maswali ya mazoezi. Wewe ni muuguzi wa zamu. Una LPN mmoja, yaani muuguzi mwenye leseni ya ngazi ya chini, na msaidizi mmoja asiye na leseni. Kuna mgonjwa aliyelazwa jana kwa kiharusi, na leo anapewa chakula kwa mara ya kwanza. Kuna mwenye kisukari aliyetulia, anasubiri vidonge vyake. Kuna mzee aliyevunjika nyonga, anatakiwa kuogeshwa. Kuna mwingine anaruhusiwa kwenda nyumbani na hajafundishwa kujidunga insulini. Yule wa kiharusi alishwe na nani?

Katika wodi zetu nyingi swali hilo halipo. Mgonjwa ana mamake au mkewe. Geti likifunguliwa mchana, mke anaingia na chupa ya uji, anamwinua mumewe, anamwekea kitambaa kifuani na kumlisha. Nesi yuko peke yake na wodi nzima. Akimwona mke ameshika kijiko anamshukuru Mungu na kwenda kitanda kinachofuata. Basi kwenye mtihani mkono unakimbilia kwa msaidizi, maana kulisha ni kazi ambayo hata ndugu huifanya. Jibu hilo ni kosa. Aliyepata kiharusi huenda hamezi vizuri, na uji unaweza kuishia kwenye mapafu, kwa hiyo mlo wake wa kwanza unahitaji jicho la muuguzi kamili. Msaidizi amwogeshe mzee, LPN atoe vidonge kwa yule aliyetulia, na somo la insulini libaki kwa muuguzi. Mtihani umejengwa juu ya hospitali ya kufikirika, yenye watu wa kutosha na dawa za kutosha, ambako mipaka ya kazi imechorwa kwa rula. Aliyejifunza uuguzi mahali ambapo mipaka hiyo huvunjwa kila siku ili watu waishi, uzoefu wake mwenyewe humponza.

Tena humponza kwa njia zinazopingana. Mgonjwa ametoka chumba cha upasuaji, presha inashuka, ufanye nini kwanza? Nesi wa kituo cha mbali, aliyezoea usiku ambao daktari hashiki simu, ameshazoea kuamua mwenyewe. Anachagua kutoa dawa ambayo hakuna aliyeiandika, anakosa. Mwenzake wa hospitali kubwa, ambako daktari yuko ghorofa ya juu, anachagua kumpigia daktari kabla hata ya kutazama kama kidonda kinavuja damu. Naye anakosa. Wawili hao wamekosa swali moja kwa sababu mbili tofauti kabisa. Mmoja anapaswa kujifunza kujizuia, mwingine kuanza kwa mgonjwa aliye mbele yake. Sisi tunawakusanya wote kwenye kundi moja la WhatsApp na kuwaandikia: msikate tamaa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba aliyefeli haachwi gizani. Hutumiwa ripoti inayoonyesha, kwa kila eneo la mtihani, kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Waliofeli niliozungumza nao, wengi wameifungua ripoti hiyo, wakaona wamefeli, wakaifunga. Nawaelewa, nani anataka kusoma barua ya msiba hadi mwisho? Lakini mle ndani ndimo zilimo habari. Aliyefika swali la 150 na kuwa karibu na kiwango karibu kila mahali ana kazi ya aina moja. Aliyekuwa sawa kwingine kote ila ameangukia kwenye dawa ana kazi nyingine. Aliyekuwa chini kila mahali anahitaji mwalimu, na pengine miezi sita. Zile siku 45 ni muda wa chini unaoruhusiwa, wala hakuna aliyesema ndiyo miadi.

Hapo ndipo huletwa ushuhuda. Kuna dada alifeli, akafeli, akafeli tena, leo ni nesi Seattle na ameshamjengea mamake nyumba. Simkatalii furaha yake. Ila msikilize vizuri anapousimulia, kwa sababu katikati ya ushuhuda kuna sentensi anayoipita mbiombio: nikapata mtu wa kunifundisha, nikaacha zamu za usiku, nikagundua nilikuwa nakimbilia majibu kabla ya kumaliza kusoma swali. Hapo ndipo alipopitia. Kanisa linapiga makofi kwa idadi ya mara alizofeli, na anayeketi kiti cha nyuma na barua yake ya kufeli anaondoka akiwa amejifunza kuhesabu. Walioendelea kufeli, ambao ni wengi, hawaitwi mbele kutoa ushuhuda.

Na kuna wanaokula kwa wimbo huu. Mwenye darasa la matayarisho hulipwa mwanafunzi anapojiandikisha na hulipwa tena anaporudi. Ajenti ana mkataba ambao mara nyingi nesi hakuusoma wote. Sisemi wote ni matapeli. Baadhi hufundisha vizuri kweli. Lakini anayekwambia urudie haraka bila kuuliza ripoti yako inasema nini, muulize yeye anapata nini.

Upande wa pili wa imani hii ni mchafu zaidi. Tukishaamini kwamba uvumilivu ndio unaopitisha, basi asiyepita tutamwona hana bidii au hana akili. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliotarajiwa kwenda Uingereza, ni 10 tu waliopita mtihani wa Kiingereza. Mitandao ilicheka siku kadhaa. Watu waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wakafanya mitihani ya uuguzi kwa Kiingereza, wakaandika ripoti za zamu kwa Kiingereza, ghafla wakawa hawajui Kiingereza. Wachache sana waliuliza wauguzi hao walikuwa wameandaliwa vipi kwa mtihani wenye mtindo wake, saa yake na viwango vyake. Watu 290 wakianguka pamoja, uvivu hauwezi kuwa maelezo.

Wengine wameliona hilo kwao. Kanada iliuchukua NCLEX Januari 2015, na katika jimbo la New Brunswick waliosomea uuguzi kwa Kifaransa wakaanza kuanguka kwa wingi kuliko walivyokuwa wakianguka kwenye mtihani uliotangulia. Hawakuwa wamezembea ghafla mwaka huo. Tafsiri ililalamikiwa, na maswali ya mazoezi kwa Kifaransa yalikuwa haba mno yakilinganishwa na shehena aliyokuwa nayo mwenzao wa Kiingereza. Kuwaambia hao wavumilie kungekuwa tusi.

Hata sheria haiamini "rudia tu". Florida, jimbo lenye wahamiaji tele kwenye uuguzi, anayefeli mara tatu haruhusiwi kufanya tena mpaka amalize kozi maalumu ya kurekebisha. Unaweza kuiona kama adhabu, na kwa mtu mwenye kodi ya nyumba inauma kama adhabu. Mimi naiona kama serikali inayosema jambo ambalo ndugu wanaona haya kulisema: kuna kitu hakijakaa sawa, kitafute kwanza. Ningependa tu kitafutwe baada ya kufeli mara moja, kabla ya dola 600 kwenda.

Kuhusu kuacha, nitasema kwa ufupi. Kuna majimbo yanayoweka ukomo wa miaka tangu ulipohitimu, kwa hiyo wakati mwingine uamuzi hauko mikononi mwako. Mwingine anaacha kwa sababu amepiga hesabu. Amerudi kwenye wodi yake Eldoret au amebaki kulea wazee Minneapolis, na wagonjwa wake wako salama mikononi mwake. Hajashindwa na shetani. Mwacheni.

Kwa anayetaka kuendelea, tuangalie siku yake ilivyo. Anatoka kulea wazee saa moja asubuhi, analala saa nne, anaamshwa na simu ya kaka yake kuhusu karo, anasoma hadi jioni macho yakiwa mekundu, anarudi zamu. Mtu huyu hajapungukiwa uvumilivu hata kidogo. Anao wa kuuza. Akiwa amechoka hivyo anasoma maelezo ya swali mara mbili na hayakai kichwani, na wiki ya mtihani ndiyo anayoombewa sana na kupumzishwa kidogo. Ndugu wakiitisha harambee ya ada, ile dola 200 ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kaka kusema muhula huu nitajitafutia, na shangazi kusema saruji ya mamako itangoja. Apate wiki sita bila zamu ya usiku. Kila asubuhi ajibu maswali hamsini tu, na kwa kila alilokosa aandike kwa maneno yake kwa nini lile alilolichagua lilimvuta. Daftari likijaa ataanza kuyaona makosa yake yakijirudia kwa sura ileile. Kabla ya hapo, asilipie tarehe mpya.