Winga Aliyehamia Upande wa Pili

Jina la Willie O'Ree ni geni katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, na mchezo alioucheza ni mgeni zaidi kuliko jina lake. Alikuwa winga katika mpira wa magongo wa barafuni, mchezo unaopendwa Kanada kama soka linavyopendwa kwetu. Vitabu vya kumbukumbu humtaja kwa jambo moja: tarehe 18 Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia uwanjani mjini Montreal amevaa jezi ya Boston Bruins, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, ile ijulikanayo kwa herufi NHL. Sisi tumevutiwa na jambo jingine, ambalo watazamaji wa usiku ule hawakulijua, wala kocha wake, wala wakubwa wa timu. Winga yule alikuwa haoni kwa jicho lake la kulia.

Ili msomaji auone uzito wa jambo hilo, hatuna budi kueleza kidogo mchezo wenyewe. Kila timu huwa na watu 6 uwanjani, kipa akiwa miongoni mwao, nao huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye bapa la chuma chini ya soli. Mahali pa mpira wa duara pana kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito wa takriban gramu 170, ambacho mpigaji hodari hukirusha kwa gongo kikaenda kwa kasi kuliko gari lililo katika barabara kuu. Uwanja umezungushiwa ukuta, na wachezaji hubamizana ukutani kwa ruhusa ya sheria. Mbio zake ni za kukata pumzi kiasi kwamba mchezaji hukaa barafuni kwa muda wa dakika moja hivi, akampisha mwenziwe, kisha akarudi tena, hadi vipindi 3 vya dakika 20 vitimie. (Afrika Mashariki nako mchezo huu una mashabiki wake: Nairobi ipo timu iitwayo Ice Lions, iliyojifunza katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari.) Winga ni yule akimbiaye kandokando ya ukuta, kushoto au kulia, akingojea pasi kutoka kwa mwenziwe wa kati. Ajuaye soka ataelewa mara moja kwamba kazi hiyo ni ya miguu na ni ya macho vilevile.

O'Ree alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1935 katika mji mdogo wa Fredericton, jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada. Wahenga wa ukoo wake walikuwa watumwa waliotoroka Marekani. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na weusi mjini walikuwa wachache mno. Alijifunza kuteleza tangu utotoni, akacheza pia besiboli kwa ufundi mkubwa. Mwaka 1949 timu yake ya besiboli ya watoto ilipelekwa New York kwa zawadi ya ushindi, na huko akakutana na Jackie Robinson, aliyekuwa amevunja ubaguzi katika besiboli ya Marekani miaka 2 kabla. Kijana alimwambia bingwa yule kwamba yeye hucheza pia mpira wa barafuni. Robinson alistaajabu, kwani hakuwa amesikia kwamba kuna watoto weusi wanaoucheza.

Msimu wa 1955 hadi 1956, akiwa bado katika timu za vijana huko Ontario, kisahani kilimpiga usoni upande wa kulia. Alipozinduka hospitalini daktari alimweleza kwamba jicho lile limeharibika na kwamba hatacheza tena. Haukupita muda mrefu akawa amerudi barafuni. Alimdokezea ndugu yake wa kike, akamtaka aitunze siri hiyo. Kanuni za ligi kuu zilimkataza mchezaji asiyeona kwa jicho moja. Lau ingalijulikana, mlango ungalifungwa kabla hajaufikia.

Hapa tunaomba tutue kidogo, kwa kuwa jambo hili halitoki mbali na nyumba zetu. Wapo wazazi wanaoficha kwamba mtoto wao hasikii vizuri, au ana kifafa, au macho yake hayafiki ubaoni, wakichelea shule isije ikamkataa au posa isije ikavunjika. Tukiwalaumu tu bila kuutazama ule mlango wanaouogopa, tutakuwa tumetenda nusu ya haki. O'Ree alificha kwa sababu ukweli ungalimnyima riziki hata kabla ya mtu yeyote kumpima kwa kazi yake. Na hata hivyo hatuwezi kusema kwamba siri ile haikuwa na gharama. Alikuwa akijihatarisha jicho lililosalia, kila siku, mbele ya watu waliobeba magongo, na wakati ule wachezaji hawakuvaa kofia ngumu wala kinga ya uso. Laiti angalipata pigo moja tu upande wa kushoto, angalirudi Fredericton kipofu kamili. Sisi hatungemshauri mtoto wetu hivyo. Lakini pia tungeiuliza ligi ile kwa nini haikuwa na njia ya tatu.

Mwaka 1956 timu ya besiboli ya Milwaukee Braves ilimwita Georgia, kusini mwa Marekani, kwa majaribio. Huko aliona kwa mara ya kwanza vyoo na mabomba ya maji yaliyotengwa kwa rangi za watu. Aliporejeshwa nyumbani kwa basi alianza safari katika kiti cha nyuma kabisa, na kadiri basi lilivyoelekea kaskazini ndivyo alivyosogea mbele, hata akafika Kanada akiwa ameketi katika viti vya mbele. Besiboli akaiacha.

Usiku ule wa Montreal, Boston walishinda kwa mabao 3 kwa 0. Alicheza michezo 2 tu msimu huo, akarudishwa timu za chini, kisha akaitwa tena kwa msimu wa 1960 hadi 1961, ambapo alicheza michezo 43. Bao lake la kwanza alilifunga tarehe 1 Januari 1961, dhidi ya Montreal hao hao. Jumla yake katika ligi kuu ni michezo 45, mabao 4 na pasi za mabao 10. Matusi ya rangi yake aliyasikia zaidi katika viwanja vya Marekani, Chicago, Detroit na New York, kuliko Montreal na Toronto. Chicago mchezaji mmoja alimchoma kwa mpini wa gongo akamvunja pua na kumng'oa meno ya mbele, naye O'Ree akamjibu kwa gongo kichwani. Ugomvi ukawa mkubwa hata ikabidi atolewe uwanjani kwa usalama wake.

Wengi humaliza habari yake hapo, kana kwamba michezo 45 ndiyo maisha yake yote. Kiangazi cha 1961 Boston walimhamishia Montreal, nao Montreal hawakumchezesha. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Los Angeles, katika timu ya Blades ya Ligi ya Magharibi, ngazi moja chini ya ile kuu.

Miaka yote hiyo alikuwa winga wa kushoto. Na tumtazame winga wa kushoto asiyeona kwa jicho la kulia: ukuta uko kushoto kwake, na uwanja mzima, wenziwe, adui zake na kisahani chenyewe, vyote viko kulia, upande wa giza. Kila pasi ilimlazimu ageuze shingo hadi begani ili jicho la kushoto lipate kuona, na mpaka amegeuka, kisahani kimekwisha kupita au mtu wa kumbamiza amekwisha kufika. Alikosa mabao ambayo watazamaji walidhani ni uzembe. Naye hakuweza kujieleza, kwa kuwa maelezo yenyewe ndiyo siri.

Los Angeles alihamishiwa upande wa kulia. Sasa ukuta ukawa upande wa jicho bovu, ambako hapakuwa na kikubwa cha kuona, na uwanja wote ukafunguka mbele ya jicho zima. Katika Ligi ya Magharibi alifunga mabao 30 au zaidi katika misimu 4. Misimu ya 1964 hadi 1965 na 1968 hadi 1969 alifikisha mabao 38, na mara 2 aliongoza ligi nzima kwa kufunga. Kutoka Los Angeles alikwenda San Diego, akacheza huko mpaka mashabiki wakamfanya mtu wao. Alipoacha kabisa, mwaka 1979, alikuwa na umri wa miaka 43. Tunawaomba wasomaji wahesabu wenyewe: zaidi ya miaka 20 ya kazi, kwa jicho moja.

Wakati huo huo ligi kuu haikuharakisha. Mtu mweusi wa pili kuichezea, Mike Marson wa Washington Capitals, aliingia mwaka 1974, miaka 13 baada ya O'Ree kutoka. Na Robinson je? Mwaka 1962 O'Ree alikutana naye tena katika karamu moja ya mchana Los Angeles, na mzee yule akamkumbuka mtoto wa Fredericton aliyekutana naye mwaka 1949.

Baada ya kustaafu alifanya kazi nyingi za kawaida, mojawapo ulinzi katika hoteli kubwa ya ufukweni karibu na San Diego. Mwaka 1998 ligi ilimwita awe balozi wake kwa watoto wa jamii zilizokuwa hazina nafasi katika mchezo huo, naye akazunguka miji kwa miji kwa miaka mingi. Mwaka 2018 aliingizwa katika Jumba la Mabingwa la mchezo huo mjini Toronto. Hakuingizwa kwa mabao yake, bali katika orodha ya wajenzi wa mchezo. Tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili tangu usiku wa Montreal, Boston walipandisha juu ya uwanja wao jezi yenye namba yake, 22, ili asiivae mwingine. Maradhi ya korona yalikuwa yamezuia safari. Mzee wa miaka 86 aliitazama ikipanda kwa njia ya video, akiwa nyumbani kwake San Diego.