Mto Mmoja, Mikoa Mitatu



Ye yote asimamaye Vigwaza na kuutazama mto Ruvu anatazama mali ya mikoa mitatu. Maji yake huanzia katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Hupita katika mashamba na malisho ya mkoa wetu wa Pwani. Kisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyavuta kuyapeleka Dar es Salaam, ambako watu wengi hawana maji mengine ya bomba ila hayo. Mto ni mmoja, lakini mipango ya kuukabili ukame na mafuriko yake imekatwa vipande kufuata mipaka ya utawala. Hilo tunataka kulisema leo bila kuuma maneno.

Tukumbuke Oktoba 2022. Mvua zilikuwa zimekawia, kina cha Ruvu kikashuka, na jiji likawekewa mgawo wa maji, kama ilivyokuwa pia mwishoni mwa mwaka 2021. Lawama zikatafuta mahali pa kutua, zikamtua mfugaji aliyeshusha ng'ombe wake mtoni na mkulima mwenye pampu. Hatusemi kwamba hao hawana kosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, nasi tunawajua wanaolima mpaka majini. Baadhi yao huketi nasi kanisani kila Dominika. Lakini twauliza: mfugaji huyo alichimbiwa lambo wapi, na njia ya kupitisha mifugo yake iko ramani gani? Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ipo tangu mwaka 2007. Kijiji kinapoachwa bila mpango wake, kisha mkulima na mfugaji wakainuliana fimbo wakati wa kiangazi, ni nani mwenye kosa la kwanza? Kumfukuza mtu mtoni bila kumwonyesha maji mengine ni kuhamisha ugomvi tu, kutoka kijiji hiki hadi cha jirani.

Baada ya ukame yalikuja maji. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutangaza kwamba vuli itakuwa na mvua nyingi, na jina la El Niño likatajwa wazi. Basi hapakuwa na mtu aliyeshtukizwa. Ilipofika Aprili 2024, Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua hizo na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Katika mkoa wetu wenyewe, Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vilizama. Na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikaingia kupitia Mafia.

Tulisikia wengi wakisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Tusimsingizie Mungu. Mvua ni yake. Mtaro ulioziba, na kiwanja kilichopimwa bondeni kikapigwa muhuri, ni vyetu. Na sisi watu wa Kanisa tusijitoe katika shutuma hii. Tumekuwa hodari wa kukusanya unga na mablanketi baada ya mafuriko, tukapiga picha na kushukuriwa, lakini ni parokia ngapi zimewahi kuuliza bajeti ya halmashauri imetenga nini kabla ya mafuriko? Yusufu kule Misri hakungoja njaa ibishe hodi ndipo aunde kamati. Alitenga sehemu ya tano ya mavuno wakati wa shibe, na maghala aliyaweka mji kwa mji, karibu na walaji.

Kamati tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeziweka kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Lakini kamati isiyo na fungu ni baraza la kutoa pole. Mkoa nao, kwa sheria ya mwaka 1997, una Sekretarieti ya kuzishauri na kuzisimamia halmashauri. Hauna baraza la wawakilishi tuliowachagua. Kwa hiyo fedha hupigiwa kura na madiwani, kwetu sisi wa Vigwaza huko Chalinze, na kazi ya mkoa ni kuunganisha na kukagua. Tunaona jinsi ukusanyaji wa mapato unavyofuatiliwa kwa ukali. Ukali huo huo uelekezwe kwenye maghala, malambo, mitaro na mipango ya ardhi.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazipo. Jirani zetu wa kaunti ya Makueni, Kenya, nchi kavu kuliko yetu, walipitisha kanuni mwaka 2015 za kutenga asilimia 1 ya fedha zao za maendeleo kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi; Wajir wakafuata mwaka 2016 kwa asilimia 2. Huko kamati za wananchi katika kata hupendekeza kazi ya kufanywa. Na hapa kwetu, je, halmashauri hazitakiwi na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu? Basi kutenga kunawezekana.

Wengine watasema kosa ni la mataifa tajiri yenye viwanda. Ni kweli, na Papa Fransisko aliliita jambo hilo deni katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Tudai deni hilo. Ila mdai mwenye busara haachi paa lake livuje akingoja kulipwa.

Tunalifurahia bwawa la Kidunda, ambalo mkataba wake wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2022 na linalokusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Lakini miteremko ya Uluguru ikiendelea kuchomwa moto na kulimwa bila matuta, bwawa litapokea tope. Morogoro, Pwani na Dar es Salaam, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, waketi meza moja kabla ya kila vuli na kila masika, na wanaokunywa mto wachangie gharama za wanaoutunza.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake huanzia vijijini miezi mingi kabla. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waende, wasiende peke yao, wakaulize: kamati ya maafa ya kijiji hiki ni akina nani, imekutana lini, na ina shilingi ngapi? Jibu, hata likiwa sifuri, liandikwe katika muhtasari wa mkutano.