Kilo ya usiku mmoja si mafuta

Wapo kina mama na kina baba katika jamii yetu walioanza kupunguza uzito kwa ushauri wa daktari, kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu. Wamepunguza wali, wameacha soda, na kila siku baada ya swala ya Alfajiri hutoka kutembea. Miezi miwili ya mwanzo mambo huwaendea vyema. Kisha siku moja, baada ya walima wa Jumapili, hupanda kwenye mizani na kukuta kilo moja na nusu imerudi. Wengi huacha siku hiyo hiyo. Kwa mtazamo wetu, hawa hawakushindwa na chakula; wameshindwa na namba ambayo hawakuelezwa maana yake.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700, ilhali mwanamke mzima huhitaji takriban kalori 2,000 kwa siku. Ili aongeze kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja, ingembidi ale chakula cha karibu siku nne juu ya kile cha siku yake. Pilau ya walima haifiki huko.

Basi kilichoongezeka ni nini? Aghalabu ni maji. Pilau na achari zina chumvi, na chumvi huyazuia maji mwilini. Wanga usiotumika mara moja huwekwa akiba katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ndiyo maana mtu anapopunguza ugali hushuka upesi wiki ya kwanza, na anapourudia hupanda upesi. Hali kadhalika, wanawake wengi huongezeka kidogo siku zinapokaribia hedhi, kisha hushuka. Anayekosa choo naye huonekana mzito zaidi. Mwenye kufunga akijipima kabla ya futari huwa mwepesi, na akishakunywa lita moja ya maji huwa ameongeza kilo moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jipime asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kifungua kinywa, kwa mizani ile ile, juu ya sakafu ngumu. Andika namba katika daftari. Mwisho wa wiki zijumlishe, ugawe kwa idadi ya siku ulizojipima, kisha linganisha wastani huo na ule wa wiki nne zilizopita. Ambaye namba za kila siku humtia huzuni, ajipime mara moja kwa wiki. Wastani wa mwezi ukipanda, hapo ndipo pa kuitazama upya sahani. Namba ya siku moja ikipanda, rudi kwenye mlo wako wa kawaida. Usijiadhibu kwa kushinda na njaa.

Lakini uzito ukipanda kilo kadhaa kwa siku chache, miguu ikavimba au pumzi zikabana, hilo si la kusubiri wastani. Nenda hospitali mara moja, kwani huenda moyo au figo zina tatizo.

Nasi tunaoishi na mtu wa namna hii tuchunge ndimi zetu. Neno "mbona umerudi kunenepa?" linalotamkwa mezani mbele ya watoto laweza kubomoa kazi ya miezi. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4.5 tu, yaani asilimia 5, na asizirudishe, sukari na shinikizo lake huweza kupata nafuu ya kweli. Faida hiyo haipatikani kwa wiki moja, wala haipotei kwa sahani moja ya pilau. Bandu bandu huisha gogo, na mwenye shoka haliweki chini kwa sababu siku moja hakuona kibanzi.